Habta ya Nizwa: Idi ya mgeni huanzia sokoni

Mwezi wa Mfungo Tatu ukishaandama, watu wa Oman ya ndani wana swali moja la kuulizana: habta yenu lini? Muuza mafuta anamuuliza dereva wa lori, mwalimu anamuuliza mzazi wa mwanafunzi, na hata mimi, mtu wa Magomeni, Dar es Salaam, niliyekuja huku kutunza hesabu za duka la vifaa vya ujenzi, naulizwa kabla sijamaliza kuitikia salamu. Anayeniuliza hana haja ya kujua nimetoka wapi. Anataka kujua tutakutana uwanja gani, siku gani, na mbuzi wa mwaka huu wamefika bei gani.

Habta ni soko la Idi. Hufanyika siku za mwisho za Ramadhani, kisha tena katika siku tisa za mwanzo za Mfungo Tatu, kabla ya Idi ya kuchinja. Nizwa, Bahla, Samail, Sinaw, Ibra, Rustaq: kila mji una siku yake inayojulikana, na mfugaji ambaye hakuuza leo hupakia wanyama wake kwenye pikapu akawahi mji wa pili. Bedui anatoka ukingoni mwa jangwa, mtu wa Jabal Akhdar anateremka na mbuzi wa mlimani wenye manyoya marefu, na wachuuzi wa njugu, visu na midoli wanafuatana nao mji hadi mji. Ukiwa barabarani wiki hiyo, gari la mbele yako lina mbuzi, la nyuma yako lina mbuzi, na la pembeni linakupita likiwa na ng'ombe anayekutazama.

Mwaka 2024 Idi hii iliangukia Jumatatu, tarehe 17 Juni. Juni ni kiangazi kikali. Hapa Nizwa, mji uliokaa chini ya milima ya Hajar, mchana huvuka nyuzi 40 bila taabu, na jua likishapanda hakuna anayebaki uwanjani kwa hiari. Ndiyo maana habta ni jambo la alfajiri. Watu husali, hunywa kahawa, na wanashuka sokoni gizagiza. Kufika saa mbili asubuhi ni kuchelewa. Wale wanyama waliotazamwa na wajuzi wameshafungwa kamba nyingine.

Uwanja wenyewe uko kando ya soko kuu, chini ya ngome. Mnara wa ngome hii ni wa karne ya 17, kazi ya Imamu Sultan bin Saif wa ukoo wa Ya'rubi, yuleyule aliyewatoa Wareno Muscat mwaka 1650. Mwanawe, Saif bin Sultan, ndiye ambaye majeshi yake yaliichukua Ngome ya Yesu kule Mombasa mwaka 1698, baada ya mazingiwa ya karibu miaka mitatu. Nilisoma habari za Ngome ya Yesu darasani nikiwa mtoto, katika kitabu chenye picha iliyofifia, na sikuwahi kufikiri kwamba siku moja nitasimama chini ya mnara wa baba mtu nikisubiri mbuzi waanze kuzunguka. Wenyeji wamezoea. Mimi kila nikiutazama huona ukuta wa Mombasa upande wa pili wa bahari.

Sasa nieleze mnada, maana huu ndio moyo wa habta, na nimeona watu wakiusimulia kwa haraka mno.

Katikati kuna duara lenye kivuli. Kulizunguka kuna njia, na nje ya njia kuna duara la pili la watu. Wanunuzi wengine wamekaa ndani, wengine wamesimama nje, na wauzaji wanapita katikati yao wakivuta wanyama kwa kamba, wanazunguka na kuzunguka, kila mmoja akitaja bei yake kwa sauti ya juu. Kule kwetu Pugu mnadani wewe ndiye unayeingia zizini, unakanyaga samadi, madalali wamekuzingira kila mmoja na mbuzi wake. Nizwa mnyama ndiye anayetembea na mnunuzi ndiye aliyetulia. Jambo hili dogo linabadilisha kila kitu. Unamwona mnyama akienda. Mwenye mguu unaouma hawezi kufichwa, kwa sababu atapita mbele yako mara nne, mara tano, na kama anachechemea utaona. Anayehema ovyo utamsikia. Yule aliyeshibishwa maji asubuhi ili tumbo litune, mzunguko wa tatu tumbo linaanza kumsaliti.

Ukimtaka mnyama, unamzuia muuzaji. Unanyoosha mkono, unashika kamba, naye anasimama, na wanaomfuata nyuma wanajibana kupita. Hapo ndipo mikono inapoanza kusema. Mkono wa kwanza huenda mgongoni, pale juu ya figo, kupima kama uti wa mgongo umefunikwa nyama au unachoma vidole. Kisha mbavu. Kisha mdomo unafunuliwa na meno ya mbele yanatazamwa, maana mbuzi wa udhiya, yaani wa kuchinjwa Idi hii, anatakiwa awe ametimiza mwaka, na meno mawili makubwa yaliyoota katikati ya yale ya utotoni hayadanganyi. Macho yanatazamwa, masikio yanatazamwa, kwato zinatazamwa. Hadithi ya Al-Bara' bin Azib imetaja aina nne zisizofaa kuchinjwa: chongo iliyo dhahiri, ugonjwa ulio dhahiri, kilema kilicho dhahiri, na mnyama aliyekonda hata hana uboho. Nilikuwa nimezisikia kwenye hotuba miaka yote. Uwanjani ndipo nilipoziona zikifanyiwa kazi na vidole vya wazee, asubuhi moja, kwa mnyama mmoja baada ya mwingine.

Bei zinatajwa kwa riali. Riali moja ina baisa 1,000 na thamani yake ni kama dola 2.6 za Marekani, kwa hiyo tarakimu inayosikika ndogo ni pesa nyingi. Asubuhi ile nilisikia 120, nikasikia 150, na beberu mmoja wa Jabal Akhdar, mwekundu wa udongo, manyoya yanaburuza magotini, akavuka 200 huku watu wakipisha njia kumtazama. Riali 150 ni karibu shilingi milioni moja za kwetu. Wapo pia mbuzi na kondoo wa Kisomali walioletwa kwa meli, wale kondoo weupe wenye vichwa vyeusi ambao mtu yeyote wa pwani anawajua, nao ni nafuu zaidi. Mwoman wa Nizwa atakuambia hawana ladha ya mnyama aliyekula majani ya huku. Sina ushahidi wa kumbishia, ila naona wanaisha.

Siku hiyo sikuwa nimekwenda peke yangu. Nilimfuata Bi Mkubwa, jirani yangu, mama wa makamo ya bibi yangu, mzaliwa wa Wete. Alitolewa Pemba akiwa msichana baada ya mapinduzi ya mwaka 1964, wakakaa Dubai, kisha wakaingia Oman baada ya mwaka 1970, Sultani Qaboos aliposhika nchi na kuwaita waliokuwa nje warudi kuijenga. Watu wa namna yake ni wengi huku, wa Unguja na Pemba, na wengine waliotoka Burundi, Rwanda na Kongo, ambao wazee wao walifuata biashara mpaka maziwa makuu. Wajukuu wanaelewa Kiswahili nusu. Yeye bado anaota kwa Kiswahili, ameniambia mwenyewe.

"Shikamoo, Bi Mkubwa," nilimwamkia getini, bado giza.

"Marahaba, mwanangu. Umekunywa chai? Hukunywa. Haya, chukua." Akanipa andazi lililofungwa kwenye karatasi, la iliki, bado lina moto. Kijana wake alikuwa ameshawasha gari.

Nimewahi kuona watu wakinunua magari kwa uangalifu mdogo kuliko ule wa Bi Mkubwa kwa mbuzi. Alikaa kwenye ukingo wa duara la ndani, baibui limemfunika vizuri, bakora mapajani, akaacha wanyama wapite bila kusema neno kwa muda mrefu. Mwanawe alikuwa na haraka. Kila beberu mnene akipita alikuwa akimgeukia mama yake. Mama yake anatikisa kichwa.

"Yule ana tumbo, hana nyama," alininong'oneza. "Yule anakohoa, sikiliza. Yule mzuri lakini mwenyewe ana kiburi, mwache azunguke kwanza mpaka jua limguse."

Kulikuwa na mabibi wengine palepale, wengine wa kibedui wenye barakoa nyeusi zinazofunika paji la uso na pua, nao wanauza na kununua kwa sauti zilezile za wanaume. Kule Ibra wanawake wana soko lao la Jumatano wasiloingia wanaume. Huku Nizwa wanachanganyika, na katika habta sijaona mtu akimdharau mwanamke anayeshika mbuzi mdomo. Anayejua anajua.

Hatimaye alipita mzee mwembamba, kilemba kimechakaa, na dume la kahawia lisilo na makeke. Bi Mkubwa akainua bakora. Mzee akasimama. Bi Mkubwa akampapasa mnyama mgongoni, akamfunua mdomo, akamvuta sikio, kisha akanigeukia mimi: "Mshike hapa, mwanangu. Minya. Unasikia?" Nikaminya. Nikasikia nyama imejaa kati ya ngozi na mfupa, na moyo wa mnyama unapiga chini ya kiganja changu. "Huyo ndiye," akasema. Mzee alitaka 145. Bi Mkubwa akasema 125 na akatazama kwingine. Mzee akapiga hatua mbili, akarudi. Wakaonana kwenye 132, wakapeana mkono, noti zikahesabiwa mara mbili, na kamba ikawekwa mkononi mwangu.

Kamba ile ndiyo iliyonifanya niandike makala haya.

Udhiya yangu mimi haichinjwi Oman. Kila mwaka natuma pesa kwa simu, na kaka yangu mkubwa anakwenda Vingunguti au Pugu, anachagua, anachinja uani kwetu, na mafungu yanakwenda kwa majirani ambao ninawajua kwa majina na kwa shida zao. Uamuzi huo siubadilishi. Nyama ya Magomeni ina midomo inayoisubiri, na fungu moja la mtu aliye mbali linafanya kazi kubwa zaidi kule kuliko hapa, ambapo friji za majirani zangu zimejaa. Kwa hiyo, kisheria na kimahesabu, sina shughuli ya habta. Miaka ya mwanzo nilikuwa silali usiku wa kuamkia Idi kwa sababu hiyohiyo. Nilikuwa nimetimiza kila kitu na sina chochote cha kufanya.

Aliyewahi kuishi ugenini atanielewa. Msikitini mimi ni ndugu, na udugu ule ni wa kweli, tunasimama bega kwa bega, lakini ukimaliza kupeana mkono kila mtu anatafuta viatu vyake. Sebuleni kwa watu mimi ni mgeni. Waoman ni wakarimu kuliko ninavyoweza kuandika: unaingizwa, unakalishwa mahali pa heshima, unaletewa tende na kahawa ya iliki, kikombe kinajazwa mpaka ukitikise kuonyesha umetosheka. Na mgeni mwenye heshima hanyanyui sahani. Anapokea, anashukuru, anaondoka. Idi nzima unaweza kuimaliza ukipokea.

Sokoni nina kazi. Nashika kamba. Nasukumwa, nasukuma. Mtu nisiyemjua ananiuliza, huyu umemchukua ngapi? Nikisema 132 anampapasa, anakubali kwa kichwa, na mwingine nyuma yake anasema nimepigwa, na ghafla kuna mabishano ya watu sita juu ya mbuzi ambaye si wangu, nami nabishana kwa Kiarabu changu cha dukani kana kwamba nimezaliwa Nizwa. Hakuna aliyeniuliza kibali changu cha kazi kinaisha lini. Niliporudi nyumbani siku ile, kanzu ikinuka mbuzi, niliijua Idi imeingia, kabla ya takbira ya kwanza.

Na si mimi peke yangu. Katika nchi hii takriban watu wanne katika kila kumi ni wageni, na habta ni mojawapo ya mahali pachache ambapo wanaonekana wote kwa pamoja. Wabangladeshi wanakuja kwa makundi, wanachangishana watu saba kwa ng'ombe mmoja kama sheria inavyoruhusu, na wanabishana juu ya ng'ombe huyo kwa saa nzima, kwa furaha kabisa. Wapakistani wanashika kondoo. Wasudani wanajua ngamia. Vijana wanaobeba wanyama mabegani mpaka kwenye magari kwa malipo kidogo karibu wote ni wa Bara Hindi, na wakimaliza kubeba vya watu, nao wanahesabu walichopata na kuingia uwanjani kununua chao. Nimewaona. Kijana aliyetoka jasho tangu alfajiri, sasa amesimama akiminya mgongo wa kondoo kwa makini yaleyale ya mwenye jambia kiunoni aliye kando yake.

Kando ya mnada kuna soko lingine zima, na hili ndilo watoto wanalolipenda. Kuna mafungu ya makaa, mafundo ya kamba, visu vinavyonolewa palepale cheche zikiruka. Kuna njiti za mishikaki zilizochongwa kwa kuti la mtende, zimefungwa mia mia. Kuna mifuko iliyosukwa kwa ukili wa mtende, ambayo nitaieleza mbele. Viungo viko kwenye magunia yaliyofunuliwa mdomo: bizari nyembamba, giligilani, pilipili manga, mdalasini, iliki, na karafuu, ambazo muuzaji akisikia lafudhi yangu ananiambia kwa fahari kwamba ni za Zanzibar, na mimi namwambia zile nzuri ni za Pemba, kwa ajili ya Bi Mkubwa. Kuna kofia zilizotiwa nakshi kwa mkono, kanzu za watoto zenye kishada chao shingoni, midoli inayopiga kelele, njugu, dengu za kukaangwa. Watoto wamepewa sarafu na noti za baisa mia na wanazitumia kwa tafakuri kubwa.

Na kuna halua. Nizwa ni mji wa halua. Wapishi wanaipika kwenye masufuria makubwa ya shaba, wanga, sukari, samli, zafarani, iliki, na maji ya mawaridi yanayotengenezwa Jabal Akhdar majira ya kuchipua, na inakorogwa kwa mwiko mrefu saa mbili au zaidi bila kuachwa. Wiki ya Idi foleni ya halua inatoka nje ya mlango. Tunaijua sisi wa pwani, tumekula ya Unguja na ya Lamu, na mtu aniulize ipi bora nitamwambia ya Nizwa ni nzito zaidi na ina zafarani zaidi, lakini ile ya Darajani inayoliwa na kahawa chungu barazani haijapata mpinzani kwangu bado.

Siku ya Idi yenyewe inakwenda haraka. Wanaume wanatoka na watoto wao wakiwa na kanzu nyeupe, vilemba, majambia na bakora, wanasali uwanjani nje ya mji, wanasikiliza hotuba, wanapeana mkono mstari mzima. Asubuhi hiyo tunakula arsiya, wali uliopikwa na nyama ukapondwa mpaka ukashikana, jamaa wa karibu wa bokoboko letu, na samli juu. Kisha ni kuchinja. Nilimshika dume la Bi Mkubwa mwenyewe, upande wa kibla. Lilikuwa limekaa kwetu siku chache na wajukuu walikuwa wameshalipa jina, jambo ambalo bibi yao aliwakataza tangu mwanzo.

Mishikaki ni ya kesho yake, na nyumba zote zinatoa moshi kwa wakati mmoja. Lakini shuwa, nyama ya kuokwa shimoni, ndiyo Idi ya Oman ya ndani, na hapa sina budi kutulia.

Nyama vipande vikubwa, mguu mzima, bega zima, inapakwa viungo vilivyosagwa pamoja na kitunguu saumu, pilipili, siki na mafuta. Kila nyumba ina mchanganyiko wake na hakuna anayetoa vipimo. Inalala na viungo. Halafu inafungwa kwa majani ya mgomba na kutiwa ndani ya ile mifuko ya ukili niliyoitaja, mdomo unashonwa. Mtaani kwetu lipo shimo moja la pamoja, refu kuliko mtu, lililojengwa kwa mawe. Kuni za mgunga zinawashwa humo mpaka zinakuwa makaa mekundu tu. Jioni mitaa mizima inakuja na mifuko yake, kila mfuko una alama: waya uliokunjwa namna fulani, kipande cha bati, kitambaa. Mtu anatoa neno, mifuko inatumbukizwa yote kwa mara moja, mfuniko wa chuma unawekwa, magunia yaliyoloweshwa, kisha udongo, na vijana wanazunguka kutafuta pale moshi unapotoka na kupaziba. Moshi ukitoka maana yake hewa inaingia, na hewa ikiingia nyama inaungua. Nilipewa koleo. Nilizunguka lile shimo na vijana wa mtaa usiku ule, tukiziba kila ufa, na hakuna aliyeniambia pumzika wewe ni mgeni.

Linafunguliwa baada ya usiku na mchana, nyumba nyingine huacha mpaka siku mbili. Harufu inafika kabla hujafika wewe. Mifuko inatolewa kwa ndoano, imeungua nje, na kila mtu anatafuta waya wake. Ukifungua, nyama inaachana na mfupa kwa kuguswa. Fungu la jirani aliyefiwa lilitoka kwanza, kisha la wale wasiochinja, kisha ndipo watu wakaanza kubeba sinia kwenda nyumbani. Bi Mkubwa aliniwekea bega zima. Nilipomwambia ni nyingi akasema, "Wewe uliyelichagua, wewe ulilishika. Hii si zawadi, mwanangu, hii ni haki yako." Nikala nikiwa nimeshiba maneno kwanza.

Siku hizi unaweza kumnunua mbuzi wa Idi kwa simu. Unabonyeza uzito, unalipa kwa kadi, anachinjwa machinjioni, analetwa mlangoni akiwa kwenye mifuko, amekatwa unavyotaka. Kwa mgonjwa, kwa mama mwenye watoto wadogo asiye na wa kumtuma, hiyo ni faraja na siwezi kuisema vibaya. Mimi mwenyewe, udhiya yangu inapitia kwenye simu. Lakini nawaona vijana wenye afya, wenye magari, wenye baba zao wazee wanaotamani kwenda uwanjani na hawana wa kuwapeleka, wanabonyeza na kurudi kulala, na inaniuma. Baba yule ana mikono inayojua mgongo wa mnyama. Mikono hiyo haifundishwi kwa picha. Mtoto ambaye hajawahi kuambiwa "minya hapa, unasikia?" atakuwa baba wa mtoto ambaye hana hata wa kumuuliza. Na mgeni kama mimi, siku uwanja ukibaki wa watalii na kamera zao, ataingilia wapi?

Kwa hiyo wenzangu wa Dar, Tanga, Mombasa, Bujumbura, mliokuja Oman kwa kazi na mnaoogopa Idi ya kwanza peke yenu: msingoje mwaliko. Ulizeni habta ya mji wenu ni lini, wenyeji watawaambia. Fikeni kabla ya jua, na pesa taslimu, na chupa ya maji, na viatu ambavyo samadi haitaviharibu. Msisimame kwenye njia ya wanyama, ng'ombe wakianza kuingizwa baada ya mbuzi hawapishi mtu. Ombeni ruhusa kabla ya kupiga picha mabibi wa kibedui, wengine hawapendi kabisa. Kama hamnunui, jitoleeni kumshikia mtu kamba, watu wana watoto mkononi na wanahitaji msaada. Na Kiarabu kikikugomea, uliza kwa Kiswahili, kwa sauti. Kuna mzee atageuka.